Waya, Mnong'ono na Setilaiti: Mawasiliano ya Vita kutoka Rufiji hadi Dnipro

Tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia ilikuwa ikizunguka juu ya mikoko ya delta ya Rufiji. Ndani yake walikuwamo watu wawili: rubani John Cull na mwangalizi wake H. J. Arnold, ambaye alikuwa na mtambo wa simu ya upepo. Chini yao, katika mkono mmoja wa mto, ilijificha manowari ya Kijerumani Königsberg. Ilikuwa huko tangu mwaka uliotangulia, baada ya kuizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Upande wa baharini, meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zilipiga mizinga kuelekea shabaha ambayo wapigaji wenyewe hawakuiona. Aliyeiona ni Arnold. Kila kombora lilipoanguka alituma alama: songa mbele, rudi nyuma, geuza kidogo. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, aliendelea kutuma masahihisho mpaka ilipokaribia maji. Wao wawili waliokolewa, na Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo.

Anayefuatilia vita vya Ukraine tangu mwaka 2022 atalitambua umbo la tukio hili mara moja: jicho angani, mzinga mbali, na ujumbe unaopita kati yao. Mwendeshaji wa droni katika viunga vya Bakhmut au Pokrovsk anafanya kazi ya Arnold. Hata hivyo, ili mnyororo mmoja tu wa jicho na mzinga ukamilike Rufiji, dola iliyotawala bahari zote ililazimika kuzikokota meli mbili kutoka Malta, kuleta ndege kwa meli, kuandaa uwanja Mafia na kusubiri kwa miezi. Jaribio la kwanza, tarehe 6 Julai, lilishindwa. Leo kikosi cha watu wachache kinabeba droni zake kwenye mkoba, kina kishikwambi chenye ramani, na kina sahani ya setilaiti inayoenea juu ya paa la gari dogo. Kilichokuwa operesheni ya kifalme mwaka 1915 kimekuwa kazi ya kila saa ya vijana wenye umri wa miaka ishirini.

Wengi huishia hapo, kwenye kasi na urahisi. Kwangu mimi kasi ni jambo la zamani lililoongezeka tu. Kila kizazi tangu kuja kwa telegrafu kimeshangazwa nayo. Kilichobadilika kwa kina ni mahali alipo raia. Arnold alikuwa mwanajeshi, mtambo wake ulikuwa mali ya jeshi, na wavuvi wa Rufiji hawakuhusika kwa lolote na mawimbi yaliyopita juu ya vichwa vyao. Mtandao wa leo unampitia raia: simu yake ndiyo mtambo wa mwangalizi, njia anayotumia kumpigia mama yake ndiyo njia inayotumiwa na droni, na kampuni anayoilipia huduma ndiyo inayoamua jeshi litaona wapi na litapofuka wapi.

Tuanze na kampuni, kwa kuwa hapo historia ina mfano ulio karibu mno. Mnamo Aprili 1855, wakati wa Vita vya Krimea, kebo ililazwa chini ya Bahari Nyeusi kutoka Varna hadi karibu na Balaklava, umbali unaozidi kilomita 500. Kwa mara ya kwanza Paris na London ziliweza kuzungumza na majenerali wao waliouzingira mji wa Sevastopol bila kusubiri meli ya barua. Majenerali hawakufurahi. Canrobert wa Ufaransa, aliyezongwa na maelekezo ya Napoleon III, aliuacha ukamanda mwezi Mei mwaka huo huo. Husimuliwa pia kwamba wizara ya vita ya Uingereza ilitumia waya huo wa thamani kuulizia hali ya kapteni mmoja aliyesemekana kuumwa na tandu kwenye mahandaki. Tangu mwanzo, basi, uzi wa mawasiliano ulimleta mtawala uwanjani, akitakiwa au asitakiwe.

Pwani yetu iliuonja uzi huo baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mnamo Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza Isandlwana, na habari hiyo ilifika London tarehe 11 Februari, karibu wiki tatu baadaye, kwa sababu hapakuwa na kebo iliyofika kusini mwa Afrika. Kushindwa huko kuliharakisha kazi. Kabla ya mwaka kwisha, kebo ilikuwa imeshuka kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo kuelekea Msumbiji na Durban. Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki na Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, mwakilishi wao Basil Cave alikuwa na manowari bandarini lakini hakuwa na mamlaka ya kupiga. Alipeleka simu London, na jibu likaja. Asubuhi ya tarehe 27, mizinga ilililenga jumba, na vita vyote vikaisha kabla ya dakika 45 kutimia, vikiwaacha watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakiwa wamekufa au kujeruhiwa. Bila kebo, Cave angelazimika kungoja wiki nyingi, na katika wiki hizo huenda wazee wa mji wangepata nafasi ya kusema na Khalid.

Sasa weka kando ya picha hiyo Sevastopol ya mwaka 2022. Saa moja hivi kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka tarehe 24 Februari, wadukuzi waliziua modemu za mtandao wa setilaiti wa Viasat, ambao jeshi la Ukraine lilikuwa mmoja wa wateja wake. Ujerumani, mbali kabisa na vita, mitambo 5,800 ya kuzalisha umeme kwa upepo ilikatika kutoka kwa waliokuwa wakiisimamia. Siku mbili baadaye waziri wa mabadiliko ya kidijitali wa Ukraine, Mykhailo Fedorov, alimwomba Elon Musk hadharani, kwenye Twitter, huduma ya Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni yake. Kufikia tarehe 28 vifaa vya kwanza vilikuwa vimewasili. Starlink ikawa mishipa ya jeshi zima. Kisha, Septemba mwaka huo, Ukraine ilipotaka kupeleka mashua zisizo na nahodha kuzishambulia meli za kivita za Urusi huko Sevastopol, huduma haikuwapo karibu na Krimea, na Musk, kwa maelezo yake mwenyewe, alikataa ombi la kuiwasha, akihofia kampuni yake kuwa mshiriki wa kitendo kikubwa cha vita.

Si kweli kwamba jambo jipya hapa ni mali ya mtu binafsi. Kebo ya Zanzibar pia ilikuwa ya kampuni, Eastern Telegraph na dada zake. Lakini kampuni ile ilikaa London, iliishi kwa ruzuku na mikataba ya London, na mtu hawezi kuwaza kwamba wakurugenzi wake wangemjibu waziri mkuu Lord Salisbury kuwa wameamua kutoipitisha simu ya Cave. Matakwa ya kampuni na matakwa ya dola yalikuwa yameungana. Mwaka 2022 yalitengana, na mtu mmoja ambaye hakuchaguliwa na yeyote, wala hakuwa mfungwa wa kiapo chochote cha kijeshi, akatoa uamuzi ambao zamani ungekuwa wa baraza la mawaziri. Ninaweza kuiheshimu hofu yake ya vita kupanuka. Ninaweza pia kuielewa hasira ya Waukraine waliokuwa wakitetea nchi yao. Ninachokikataa ni kwamba jambo hilo liwe la hiari yake. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipotia saini mkataba na Starlink kwa ajili ya Ukraine mwaka 2023, ilikuwa inajaribu kuurudisha uzi mikononi mwa serikali, ingawa serikali hiyo nayo haikuwa ya Ukraine.

Upande wa raia, mfano ninaouona wa kufaa zaidi hauko kwenye nyaya. Uko kwenye mnong'ono. Mwaka 1904, huko Ngarambe, si mbali na mto ule ule ambao Königsberg ingekuja kufia, Kinjikitile Ngwale alianza kuwapa watu maji ya dawa na ujumbe wa umoja. Watu walimwendea kwa mafungu, wakarudi makwao na habari. Wajumbe walioitwa hongo wakatawanyika wakiwa na maji hayo, na ujumbe ukapita kwa kunong'onezana kutoka ukoo hadi ukoo, kutoka lugha hadi lugha: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja wala soko moja. Wazee waliowasimulia wanahistoria G. C. K. Gwassa na John Iliffe katika miaka ya 1960 walieleza jinsi siri hiyo ilivyotunzwa mbele ya maakida na askari waliokuwa wakiishi nao kijiji kimoja. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na telegrafu. Hata hivyo, Julai 1905 pamba ilipong'olewa mashambani Nandete na Vita vya Maji Maji vikaanza, mwenye telegrafu ndiye aliyeshtukizwa.

Mtandao huo ulikuwa na sifa ambazo mhandisi wa leo angezitamani. Haukuwa na waya wa kukata wala mnara wa kulenga. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na vita vikaendelea kuenea kusini na magharibi kwa miezi mingi, vikidumu hadi 1907. Kukikata kichwa hakukuukata mtandao, kwa sababu kila aliyepokea ujumbe aligeuka kuwa kituo cha kuutuma.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye njia ya kurudi. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Habari ya kwamba maji hayakuzuia risasi ilikuwa sasa ipo duniani, lakini ilitembea kwa miguu, na ilipaswa kushindana na habari njema iliyokwisha kutangulia. Septemba, Wangoni wengi waliupokea ujumbe na kuingia vitani. Sitaki kulisema hili kama wasemavyo wale wanaoidogosha imani ya Maji Maji. Watu waliodhulumiwa kwa kodi na kazi ya pamba walikuwa na sababu za kupigana hata kama wasingeahidiwa dawa. Ninasema tu kwamba mtandao wao ulibeba wito kwa ustadi mkubwa kuliko ulivyobeba majibu.

Ukraine imejenga kinyume chake: mfumo ambao majibu ndiyo nguvu yake. Nchi hiyo ilikuwa na Diia, programu ya simu iliyoanza mwaka 2020 ili mwananchi abebe pasipoti na leseni yake kwenye simu. Machi 2022, serikali ilizindua eVorog, roboti ya maongezi ndani ya Telegram: unajitambulisha kwa Diia, kisha unatuma picha ya kifaru cha adui na mahali kilipo. Baadaye ikaja ePPO, ambayo raia anaielekeza simu yake upande ulikopita mlio wa droni au kombora na kubonyeza kitufe, na jeshi la anga linapokea uelekeo. Kwenye nguzo za nchi nzima kuna maelfu ya vipaza sauti vinavyosikiliza injini za droni za Shahed. Yote haya hukusanywa kwenye ramani za pamoja, maarufu zaidi ukiwa mfumo uitwao Delta, na humfikia mpiga mizinga.

Tazama jinsi mapokeo haya mawili yalivyolitatua tatizo moja, la kumjua aliye mwenzetu. Ngarambe mtu aliingia kwa kuja mwenyewe, kwa kunywa na kunyunyiziwa, kwa miiko aliyoipokea mbele ya wengine. Uaminifu ulikuwa wa mwili na wa jamaa. Kyiv mtu anaingia kwa namba yake ya utambulisho iliyohifadhiwa na serikali. Njia ya kwanza ilikuwa ngumu kupenyezwa lakini ilienda polepole. Njia ya pili huwaingiza watu wengi kwa haraka, na huacha alama. Askari wa Kijerumani aliyemsimamisha Mngindo njiani hakuwa na namna ya kuusikia mnong'ono uliokwisha kupita sikioni mwake. Mwanajeshi wa Urusi kwenye kizuizi cha Kherson iliyokaliwa alikuwa na namna: aliomba simu. Wakazi wa huko walijifunza kufuta picha, programu na ujumbe kabla ya kutoka nyumbani, wakijua kwamba kilichosahaulika kwenye kumbukumbu ya simu kingeweza kuwapeleka mahabusu.

Uzi ule ule unaomuunganisha mtu ndio unaomfichua, na hili halikuanza na simu janja. Königsberg yenyewe ilijulikana ilipo baada ya Waingereza kukuta, kwenye meli ya Präsident huko Lindi, karatasi za makaa ya mawe yaliyopelekwa Rufiji. Aprili 1996, kiongozi wa Chechnya Dzhokhar Dudayev aliuawa kwa kombora akiwa anazungumza kwa simu ya setilaiti. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, makombora ya Ukraine yaliipiga shule ya ufundi Makiivka iliyojaa askari wa Urusi. Wizara ya ulinzi ya Urusi ilitaja vifo 89 na ikalaumu matumizi ya simu za mkononi saa za mkesha.

Anayetaka kukwepa hatari hiyo huzima simu. Osama bin Laden alifanya hivyo Abbottabad, akategemea wajumbe wa miguu, na nyumba kubwa isiyo na simu wala intaneti ikawa mojawapo ya vitu vilivyowatia wapelelezi shaka. Hezbollah walizikimbia simu janja wakaenda kwenye peja, chombo cha miaka ya nyuma. Tarehe 17 Septemba 2024 peja hizo zililipuka kwa maelfu mikononi na viunoni, na kesho yake redio za mkononi nazo zikalipuka. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Katika uwanja wa Ukraine, uvurugaji wa mawimbi umekuwa mkali kiasi kwamba tangu 2024 majeshi yanatumia droni zinazoburuza uzi wa faiba kwa kilomita nyingi, ambazo hakuna anayeweza kuzivuruga kwa mawimbi. Jeshi la karne ya ishirini na moja limerudi kwenye waya, kama wapiga simu wa 1855, huku mashamba yakibaki yamefunikwa na nyuzi nyembamba za kioo.

Afrika Mashariki ilikutana na sura nyingine ya jambo hili mapema kuliko Ulaya. Jeshi la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, msemaji wake, Meja Emmanuel Chirchir, aliitumia Twitter kutangaza majina ya miji itakayoshambuliwa, na wasemaji wa al-Shabaab wakamjibu hapo hapo, kwa Kiingereza fasaha, mbele ya wasomaji wa dunia nzima. Septemba 2013, wakati wa shambulio la Westgate lililoua watu 67 Nairobi, kundi hilo lilikuwa likitoa taarifa zake mtandaoni huku mateka wakiwa bado ndani. Miezi minne baadaye, Januari 2014, kundi lile lile lilizitaka kampuni za simu za Somalia zizime intaneti ya simu katika maeneo lililoyatawala. Twitter kwa ajili yao, giza kwa ajili ya wengine: msimamo huo una mantiki yake katili, kwa kuwa mwenye bunduki anataka kuonekana na dunia bila kuonekana na jirani yake.

Ukiilinganisha hali hiyo na redio ya RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, utaona hatua iliyovukwa. RTLM ilitaja majina ya watu na namba za magari ili wawindwe. Lakini ilikuwa na studio moja, wakurugenzi wenye majina, na kanda zilizorekodiwa, na ndiyo maana mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliweza Desemba 2003 kuwatia hatiani waliohusika nayo. Sauti ilitoka mahali pamoja kwenda kwa wengi. Leo wito wa kuua unaweza kutoka kwa wengi kwenda kwa wengi, ukapita kwenye makundi ya simu yaliyofungwa, na mwendesha mashtaka akakosa mlango wa studio wa kubisha.

Hadi hapa nimezungumzia kuunganishwa. Kukatwa nako ni silaha, na pengine ndiyo silaha inayowaumiza wengi zaidi katika bara letu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani Afrika Mashariki, aliishi ndani ya ukimya wa namna hiyo mwaka 1914 hadi 1918. Uingereza ilizikata kebo za Ujerumani chini ya bahari siku ya kwanza ya vita, na HMS Astraea ikaupiga mji wa Dar es Salaam tarehe 8 Agosti ikiulenga mnara wa simu ya upepo. Novemba 1917 Ujerumani ilimpelekea shehena kwa puto kubwa la L59. Lilifika juu ya anga ya Sudan, likapokea ujumbe wa kulirudisha, likageuka. Mwaka uliofuata vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba, na yeye akapata habari siku mbili baadaye huko Kasama, kutoka kwa adui zake. Alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25. Wapagazi walioendelea kubeba mizigo katika siku hizo za katikati walibebeshwa vita ambavyo havikuwapo tena.

Ukimya ule ulimlenga kamanda, na wanakijiji waliishi kama walivyoishi, kwa habari za miguu. Ukimya wa Tigray, huko Ethiopia, ulimlenga kila mtu. Vita vilipoanza tarehe 4 Novemba 2020, simu na intaneti zilikatwa kwa mamilioni ya watu, na sehemu kubwa ya eneo hilo ilibaki hivyo hadi baada ya mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022. Watigray waliokuwa Nairobi, Stockholm au Washington walikaa miezi bila kujua ndugu zao wako hai. Serikali zinazofanya hivi hudai usalama, na dai hilo si la kupuuzwa moja kwa moja: baada ya tarehe 1 Juni 2025, Ukraine ilipozitoa droni 117 kutoka kwenye malori yaliyoegeshwa ndani ya Urusi na kuzipiga ndege za kivita hadi Irkutsk, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka mpakani, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa zikiongozwa kupitia mitandao ya simu ya Urusi yenyewe, Urusi nayo ilizidisha kuzima intaneti ya simu katika mikoa yake. Lakini kuzima kwa saa kadhaa kwa sababu droni ziko angani, na kuzima kwa miaka miwili juu ya watu wenye njaa, haviwezi kuitwa kwa jina moja.

Sudan imekwenda hatua moja zaidi. Vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 viliharibu benki, na watu wakawa wanaishi kwa pesa zilizotumwa na jamaa kupitia Bankak, programu ya Benki ya Khartoum. Vijana wa vyumba vya dharura wa mitaani walipika vyungu vya jumuiya kwa pesa hizo. Februari 2024 mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima. Kikosi cha RSF, kilichokuwa kikipigana na jeshi la serikali, ndicho kilicholaumiwa. Vyungu vingi vikapoa kwa sababu ya pesa iliyokuwapo lakini haikuweza kufika. Kisha sahani za Starlink, zilizoingizwa kwa magendo, zikaonekana mikononi mwa wapiganaji na wafanyabiashara, na raia wakalipa kwa saa ili waingie mtandaoni na kupokea hela ya unga. Chombo kilichoiokoa Ukraine siku ya tano ya vita kikawa, Omdurman, lango lenye mlipisha ushuru mwenye bunduki. Chombo ni kile kile; kilichotofautiana ni kuwapo kwa dola inayomhesabu raia kuwa wake.

Sheria za vita hazijalifikia jambo hili ipasavyo, ila zimeanza. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 inasema raia analindwa isipokuwa kwa muda anaoshiriki moja kwa moja katika mapigano, na wanasheria wanabishana kama bibi wa Kherson anayebonyeza eVorog ameshiriki. Oktoba 2023 washauri wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walichapisha kanuni 8 kwa wadukuzi wa kiraia, wakiwakumbusha kwamba kukaa nyumbani na kompyuta hakumwondolei mtu wajibu wala hatari. Nadhani serikali yoyote inayounganisha kitufe cha vita na programu ile ile yenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto inawajibika kuwaambia raia wake, kwa lugha nyepesi, kwamba kitufe hicho kinaweza kuwavua ulinzi.

Kuhusu ukimya, kifungu cha kukitazama ni cha 14 cha Itifaki ya Pili ya mwaka huo huo, kinachohusu vita vya ndani. Kinakataza kuharibu au kuzima, kwa lengo la kuwatesa raia kwa njaa, vitu ambavyo hawawezi kuishi bila hivyo, na kinataja chakula, mashamba, mazao, mifugo na visima. Kifungu cha namna hii kingalikuwapo mwaka 1905, kingaliwahukumu maofisa wa Gavana von Götzen waliochoma maghala na mashamba ya kusini mwa Tanganyika hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Maneno ya kifungu yanavitaja vitu hivyo kama mifano tu, na orodha haijafungwa. Mtaa wa Khartoum ambao unga wake unanunuliwa kwa pesa ya simu una haki ya kudai kwamba mnara wa simu uhesabiwe pamoja na kisima, na majaji watakaokaa siku moja kuzisikiliza kesi za Sudan wanaweza kulisema hilo bila kusubiri mkataba mpya.